Muchezo ya kuchimba kobalti: tuifanye ao tuiache?

LUBUMBASHI, KATUBA (mwenye kufungua mjadala)

Bandugu, jambo yenu bote. Nafungua hii mjadala juu tangu siku ya mungu mambo imechafuka kati yetu benye kutengeneza michezo, bengine bamekasirika hata habajibu tena mesaji, na mie naona haina vizuri tuachane juu ya muchezo yenye haijafika hata nivo ya tatu.

Kwa bale habakukuwa: ndugu yetu moja wa Kolwezi alituma demo, kipande ya kujaribu, ya muchezo yake ya kuchimba kobalti. Mule ndani wewe uko krezere, ule muchimbaji wa mukono, unashuka mu shimo na nyundo, chuma na tochi ku kichwa, unachonga, unajaza mufuko wa rafia, unapanda na kamba. Amefanya yote yeye peke yake na Godot (programu ya kutengeneza michezo), mapicha ya pikseli, na kusema ukweli iko muzuri kabisa, angalia tu vile mwanga ya tochi inapita ku ukuta na jiwe ya malakiti inatoka kijani kidogokidogo, ukisogea inapotea. Shida ni nivo ya pili. Udongo inaporomoka, mwenzako mwenye mulishuka naye anafunikwa, na juu ya ekrani inatoka +50 na sauti ya makuta, tiling, juu wewe umepona.

Njo pale moto iliwaka. Dada moja wa Bukavu aliuliza paka swali: "Ile +50 ni ya nini?" Mwengine akasema tunachezea lufu ya bantu. Mwengine akajibu: acheni unafiki, kila magaribi muko mu sali ya jeu, fasi ya kuchezea michezo ya video, munapiga bantu risasi ya kichwa huku munakunywa soda. Kisha, kama kawaida yetu, ikageuka mambo ya motere, zile programu za kutengeneza michezo: Godot ao Unity. Ba-Unity banasema Godot ni ya batoto, ba-Godot banakumbusha ile Septemba 2023 Unity ilitangaza italipisha pesa kila mara muntu anaingiza muchezo mu mashini yake, mupaka mukubwa wa kampuni akatoka mu Oktoba na 2024 bakaiacha yote, na kuna moja mwenye aliandika kwamba nyinyi bote hamuna haki ya kuongea juu hata Pong, ile muchezo nyepesi ya zamani, hamujamaliza. Ile ya Pong ilinichekesha. Lakini haijibu swali, na swali ni hii: muchezo inaweza kuingia mu mashimo yenye bandugu yetu banakufia, ao ni dharau?

Mie nasema inaweza, na ifanywe. Kwanza juu bengine bamesha kuifanya bila sisi. Mu 2011 Molleindustria, ya Muitalia Paolo Pedercini, ilitoa Phone Story: unapewa ba-askari, unabafokeza kwa batoto benye kuchimba koltani mu Congo ili basipumzike, ukilegea unapoteza. Apple iliiondoa mu duka yake haraka sana. Ile muchezo ilitaka kuchokoza mununuzi wa telefone kule Ulaya na Marekani, na ilimuchokoza vizuri, sikatae. Ila sisi mule tuko batoto bila jina. Hakuna mwenye alituuliza ku nyumba tunakula nini.

Ya pili njo neno yangu kubwa. Muchezo haichafuliwe na mambo yenye inaongelea, inachafuliwa na kitu yenye inahesabu. Weka pointi ku lufu, muntu ataikimbilia lufu, weka ku mufuko, ataukimbilia mufuko, na hata ukiandika ku mwanzo maneno ya huruma hakuna mwenye atayasoma, bote tunabonyeza tuingie. Papers, Please ya Lucas Pope (2013) uko paka mufanyakazi wa mupaka, unapiga muhuri mu paspoti siku muzima, kisha magaribi inakuletea hesabu: kodi ya nyumba, chakula, joto, dawa. Ile hesabu njo inakufanya umurudishe mama wa bantu na unajua analia. This War of Mine ya ba-Polonya (2014), yenye ilitoka ku mawazo ya Sarajevo wakati ilizungukwa na vita, unaweza kuibia chakula bazee bawili mu nyumba yao, hawakupigane, tumbo inajaa, lakini muntu wako anavunjika roho mupaka anakataa kufanya kazi. Mu 2020 serikali ya Polonya ilitangaza kuiweka mu orodha ya vitu vya kusoma ku shule. Ni muchezo, na ni vita, na pale hakuna +50.

Sasa ya Kolwezi, mie ningetoa pointi zote mu shimo, nizipeleke ku depo, fasi tunauzisha mawe. Benye kujua banajua. Unafika na mufuko, umesha kulipa mwenye kukubebea, mununuzi anaelekeza kale kamashini ka kupima tenere (kobalti iko ngapi ku mia mu mawe), namba inatokea upande wake, wewe huione. Anasema "mbili na nusu" bila kuinua macho. Kisha mizani, nayo ni yake. Unabisha? Unakubali? Unabeba yote upeleke ku depo ingine kule mbele, na ile ingine inakata kitu ingine, na saa inaenda, na ku nyumba banangoja unga wa bukari? Ile ni muchezo muzima, na kila muntu wa Katanga ataielewa bila muelekezo na bila maiti hata moja.

Karibuni mubishe. Musitukanane na bamama.

GOMA, BIRERE

Mukubwa nimesoma yote, shikamoo kwa kazi. Lakini miye nimechoka tu. Volkano 2002, volkano tena 2021, na mambo mengine mwenyewe unayajua, sasa jioni nikipata chaji kidogo nifungue muchezo ya kufunikwa na udongo? Hapana. Miye nafanya muchezo ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Unatoka Kibumba na mashu (kabichi) na mifuko ya makala, unashuka, freni ni kipande ya kandambili unakanyaga nayo gurudumu ya nyuma, ukikanyaga sana inakwisha, ukikanyaga kidogo unakutana na kamio. Mushindi ni mwenye anafika ku ile sanamu ya chukudu mu mji na mashu yake yote. Hiyo nayo ni Goma. Juu ya nini kwetu kukiingia mu muchezo lazima tuingie na bunduki ao na maiti?

LUBUMBASHI, KENYA (komini ya Lubumbashi, haina ile inchi)

Kaka wa chukudu, ile muchezo tunaingoja tangu Godot ilikuwa bado ya 3. Tuonyeshe hata gurudumu.

GOMA, BIRERE

Gurudumu iko. Inazunguka. Inazunguka hata nikisimama, njo shida yenye inanishika.

BUKAVU, KADUTU

Njo miye niliuliza ile swali ya +50, basi niruhusuni.

Yaya wa Katuba unaongea vizuri, pointi hapa pointi kule, lakini unaongea sawa vile muchezo ni hesabu tu na ukirekebisha hesabu dhambi imekwisha. Juni 2019 karibu na Kolwezi udongo iliporomoka, bantu zaidi ya 30 bakafa siku moja. Bale biko na bibi, biko na batoto, na batoto bale leo biko na telefone. Mutoto akishusha hii muchezo bure akutane na shimo yenye ilimukula baba yake, utamuambia nini, kwamba pointi umezihamisha ku depo? Miye sikatae muchezo ifanywe. Nakataa tuifanye kisha tuulize. Demo ingepita kwanza mu mikono ya bakrezere benyewe, na bale bamama benye kuosha mawe ku maji, mbele ifike kwetu sisi benye kukaa mu viti.

Na musiniambie haiwezekane juu hatuna namna. Lual Mayen wa Sudan ya Kusini alikulia mu kambi ya bakimbizi kule Uganda kaskazini, mama yake aliweka pesa kidogokidogo myaka tatu mupaka dola 300 amununulie ordinatere, akajifunza peke yake, akafanya Salaam, muchezo ya amani, mu kambi fasi hata umeme hakuna. Na mupango yake kisha ilikuwa hivi: mukimbizi wako mu muchezo akikosa maji ao chakula, pesa yako unayolipa inaenda kumusaidia mukimbizi wa kweli. Yeye alikuwa ndani ya ile maisha. Hakuiona mu picha.

KOLWEZI (mwenye demo)

Nilinyamaza juu nilitaka kuona mutafika wapi.

Dada, shemeji yangu ni krezere. Miye nalala nyumba moja naye. Ile +50 sikuiweka kwa furaha. Pale chini ni vile. Udongo ikianguka na wewe ukajikuta inje, kitu ya kwanza yenye unasikia haina huzuni, unasikia kwamba uko hai na mufuko uko nawe, na huzuni inakuja kisha, wakati uko unakunywa maji. Ananielezea hivyo kila mara, na anaona haya wakati anaeleza. Nilitaka muchezaji asikie ile tiling, afurahi kidogo, kisha ajiulize amefurahia nini. Nyinyi mulisikia haya, sivyo? Mulikasirika. Basi imefanya kazi.

LUBUMBASHI, KATUBA

Eh. Hii sikuitegemea, na nakubali ni wazo ya nguvu kuliko depo yangu. Lakini bado nakubishia, ndugu yangu, na nakubishia kama fundi, sikuhukumu. Haya yetu ilitoka wapi? Ilitoka ku ile swali ya dada. Peke yangu, usiku, na batiri inaelekea kuisha, mie niliona +50 nikaendelea kupanda na kamba, kidole inajua njia. Muchezo inafundisha kidole mbele ya kichwa. Kama unataka ile haya ifike, lazima ifike mu hesabu yenyewe. Zile 50 uziache, na ile sauti uiache vilevile, usiibadilishe kuwa ya huzuni, ingekuwa uongo. Lakini asubuhi, mbele ya kushuka tena, bandugu ya ule mwenzako banafika na daftari ya kilio. Kila muntu mu timu anatoa kitu. Muchezo ikuonyeshe mufuko wako na zile 50 ndani, na haikulazimishe. Ukitoa, unashuka bila pesa ya betri ya tochi, giza inaongezeka. Ukikataa, hakuna kitu inakupata. Hakuna azabu, hakuna ujumbe mwekundu. Paka kesho yake, ukiwa unapanda, mwenye kukushikia kamba kule juu anachelewa kidogo kuvuta.

Gonzalo Frasca wa Uruguay alifanya September 12th mu 2003, unatupa kombora ku mji mudogo, unapiga adui, unapiga na bengine benye hawana kosa, na bale benye kulilia bantu yao benye kufa banageuka adui. Hakuna pointi, hakuna kushinda, na hakukuandikia hotuba ndefu. Unajua tu ukiendelea kubonyeza mambo inazidi. Njo vile nataka ile kamba ichelewe.

Dada wa Kadutu, neno yako ya bakrezere baione kwanza naikubali bila kubisha. Shemeji yake haitoshe, ni wa nyumba, atasifu.

KOLWEZI

Shemeji yangu asifu? Humujue. Alicheza dakika kidogo akaniambia kamba yangu haina fundo ya kweli, nijifunze kufunga fundo mbele ya kufunga muchezo.

BUKAVU, KADUTU

Huyo shemeji awe munyampara wa hii kazi. Na ile kamba ya kuchelewa, ndio, hiyo naweza kuicheza.

GOMA, BIRERE

Nami ningecheza. Siku moja. Kisha nirudi ku mashu yangu.

LUBUMBASHI, KENYA

Muzuri, mumepatana, sasa tuongee pesa juu hakuna mwenye anaongea pesa. Kiro'o Games ya Yaoundé, kule Kameruni, balitoa muchezo yao Aurion mu 2016 na baliiuzisha ku Steam, duka ya michezo ku internet, hawakuona haya kuomba malipo ya kazi yao. Ku Steam unalipa dola 100 kwa kila muchezo mbele ya kuingiza. Ku itch.io, duka ingine ya michezo, hulipe kitu, na unaweza kuacha kila muntu ajipangie bei. Ya Kolwezi itaenda wapi?

KOLWEZI

itch.io, bure. Siwezi kukula pesa ya shimo.

LUBUMBASHI, KENYA

Bure? Wazungu ba YouTube bataicheza, batalia mbele ya kamera, bakule pesa ya matangazo, na wewe na shemeji mubakie na pongezi. Yaani mumetoa mawe tena, bei bamepanga bengine.

BUKAVU, KADUTU

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimujue, huyu wa Kenya amesema kitu.

KOLWEZI

Basi dola mbili kwa mwenye yuko inje, bure kwa mwenye yuko Congo, na nusu ya ile yenye itaingia iende kwa bamama benye kuosha mawe, shemeji njo anabajua.

GOMA, BIRERE

Na mwenye yuko inje akisema yuko Congo?

LUBUMBASHI, KATUBA

Mwache adanganye. Mie naogopa ingine: mwenye yuko Congo, mega za internet zimeisha, demo ina mega ngapi sasa?

KOLWEZI

140.

LUBUMBASHI, KATUBA

Punguza.