Je, wanafunzi wa kundi moja la utafiti wa kemia ogania (kemia ya misombo ya kaboni) hushika mada moja?

Swali: Ndugu zangu, ninajiandaa kuomba nafasi ya uzamili. Je, mwanafunzi hulazimika kufuata mada ya kiongozi wa kundi? Ninawafikiria hasa waliokuwa wanafunzi wa mkemia Robert Burns Woodward wa Chuo Kikuu cha Harvard.

Jibu la kwanza: Woodward, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1965, alijulikana kwa kuunda maabarani molekuli changamano za viumbe hai, zikiwemo strikinini (sumu ya mimea), klorofili (rangi ya kijani ya majani) na vitamini B12, ambayo ilikamilika mwaka 1972 kwa ushirikiano na kundi la Albert Eschenmoser wa Zurich, baada ya jasho la watafiti wapatao 100. Hata hivyo, Christopher Foote, mwanafunzi wake, alijikita baadaye katika kemia ya oksijeni singleti, yaani aina ya oksijeni yenye nishati zaidi na inayomenyuka kwa urahisi, na Stuart Schreiber, mwanafunzi wake mwingine, akavuka mpaka kuelekea biolojia.

Jibu la pili: Naongezea Roald Hoffmann, ingawa huyu hakuwa mwanafunzi wa Woodward bali mwananadharia kijana aliyekuwa hapo hapo Harvard. Mmenyuko mmoja wa kemikali katika kazi ya B12 ulitoa umbo lisilotarajiwa, na kutokana na fumbo hilo wawili hao wakatunga kanuni za ulinganifu wa obiti (maeneo ya elektroni katika molekuli), zinazotabiri mmenyuko utatoa umbo gani, walizoanza kuzichapisha mwaka 1965. Hoffmann alipewa Nobel mwaka 1981 pamoja na Kenichi Fukui. Woodward alikuwa amefariki mwaka 1979.

Muuliza swali: Ahsanteni sana. Basi nitawauliza pia wanafunzi waliokwisha kuhitimu katika kundi ninalolitaka.