Tupeane uzoefu: Tekken yako ya moyoni ni ipi na kwa nini hujahama?

Wakuu habari za muda huu. Kila mara naona watu wanabishana kuhusu Tekken, lile gemu la kupigana, ipi kali kuliko zote na ubishi wote unaishia kwenye picha tu, mara hii ina grafiki safi, mara ile imezeeka. Naomba leo tufanye tofauti. Kila mtu ataje Tekken yake ya moyoni, aseme alikutana nayo wapi, alikuwa anacheza na kina nani, anamtumia nani, na kitu gani ndani ya gemu lenyewe kilimshika mpaka leo. Ukisema tu 3 ndio baba lao halafu ukapita, hujatusaidia.

Naanza mimi. Yangu ni Tekken 3, ile ya PS1 (PlayStation ya kwanza) ya 1998, ambayo kwenye mashine za ukumbini ilikuwa imeshatoka tangu 1997. Nimeijulia Morogoro kwenye kibanda cha gemu, tivii za chogo, benchi la mbao, sheria moja tu, mpigwa anapisha. Kilichonishika kwanza ni vitufe. Mraba mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, eksi mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia, basi. Mtoto ambaye hajawahi kushika pedi unamwelekeza mara moja na anaanza kupigana, maana anafikiria mwili wake mwenyewe, sio kukariri kitufe cha ngumi nyepesi na kitufe cha ngumi nzito kama gemu nyingine za enzi zile.

Cha pili, na hapa ndio moyo wangu ulipo, ni kukwepa pembeni. Kwenye 1 na 2 pambano lilikuwa karibu lote ni mbele na nyuma, na mtu akiruka anaelea hewani kama puto. Kwenye 3 wakashusha ile miruko na kila mchezaji akapewa uwezo wa kuingia pembeni, unagusa juu au chini kidogo tu na mtu wako anahama mstari. Pale kibandani kulikuwa na jamaa aliyekuwa anamtumia Paul, na mnaojua mnajua, chini, chini-mbele, mbele, halafu pembetatu, ngumi moja inaondoka na kipande kikubwa cha damu, yaani ule mstari wa uhai juu ya kioo, na watu walikuwa wanamwogopa kuliko mwenye kibanda. Siku niliyoielewa ile ngumi kwamba inakuja kwa mstari ulionyooka, nikawa namsubiri, akijikunja tu mimi nimeshaingia pembeni, ngumi inapita, mgongo wake uko wazi, nampa teke la Hwoarang, mtu wangu, na kombo, yaani mfululizo wa mapigo, inaendelea. Kuanzia hapo niliacha kutazama mtu wangu nikaanza kutazama mtu wake, na kwangu mimi gemu la kupigana linaanzia pale.

Halafu kuna suala la memori kadi, ile ya kuhifadhi ulipofikia kwenye gemu. Kibanda chetu hakikuwa nayo, kwa hiyo kila asubuhi mashine ikiwashwa unakuta wale wachezaji 10 wa mwanzo tu, Jin, Xiaoyu, Hwoarang, Eddy, Paul, Law, King, Yoshimitsu, Nina na Lei. Ukimtaka Bryan au Mokujin lazima mtu akae amalize raundi za kompyuta na wachezaji tofauti tofauti mpaka wafunguke. Wadogo ndio walikuwa wanapewa kazi hiyo asubuhi bure kabisa, wakubwa wakija jioni wanakuta timu imejaa. Wengi wetu tulijulia pale, kwenye kufungua, kwa sababu ulikuwa unalazimika kumtumia hata mtu usiyempenda.

Haya karibuni.

Mdau wa Mombasa:
Mkuu heshima yako lakini mimi ni Tag, Tekken Tag Tournament, ile iliyotoka pamoja na ujio wa PS2 mwaka 2000. Nyumbani tulikuwa na pedi mbili, moja imekufa, na tuko ndugu watatu. Sasa Tag unachagua watu wawili, mmoja anapigana mwengine anapumzika, na yule anayepumzika damu yake inarudi kidogo kidogo. Kaka yangu akaleta utaratibu wake, kila mtu ana mchezaji wake, ukibonyeza kubadilishana basi na pedi unampasia mwenzako hapo hapo. Tulikuwa tunapambana na kompyuta hivyo, mimi na Jun yeye na Kazuya, pedi inaruka mkono kwa mkono katikati ya kombo, na tuliipatia haswa mpaka ikawa hatupotezi hata pigo moja.

Na utamu wa Tag ni kwamba akianguka mmoja tu wote mmepoteza. Haijalishi mwengine ana damu imejaa. Kwa hiyo huwezi kuwa mchoyo, ukiona hali mbaya lazima umtoe mtu wako umwingize mwenzako hata kama wewe ndiye unayetaka sifa. Tena Jun na Kazuya walikuwa hawamo kwenye 3, huku wakarudi, kwa sababu Tag haifuati hadithi, imewakusanya watu zaidi ya 30 wakapigane tu. Ule mchezo wa kuangusha pini kwa tufe nao, mama yetu aliupenda ule, hagusi kitu chengine chochote.

Dada wa Dodoma:
Mimi Tekken 5. Vibandani sikuwa naenda, wasichana wa mtaani kwetu hatukuwa tunaruhusiwa kukaa kule, kwa hiyo hizo stori za benchi nilikuwa nazisikia kwa kaka zangu tu wakirudi. Tekken 5 ilipokuja nyumbani kwenye PS2 nikakuta ndani ya diski ile ile wameweka na Tekken 1, 2 na 3 zile za mashine za ukumbini. Kwa hiyo mimi nilizicheza zote kwa mpigo, nimeanzia 1 nikapanda juu, na ndio maana nasema 5 kwa kujua, sio kwa sababu ndiyo niliyoipata.

Mchezaji wangu ni Xiaoyu. Watu wanamwona mtoto mwepesi lakini ana ule mkao wa kuchuchumaa chini kabisa, ngumi zote za juu zinapita hewani, halafu anaweza akakupa mgongo na kukushambulia akiwa amekupa mgongo hivyo hivyo. Kaka zangu walikuwa wanapiga tu juu, wanajua ngumi za haraka zinamaliza kazi, mimi niko chini. Wakihamia mapigo ya katikati nimeshanyanyuka. Nilikaa kwenye mazoezi kwa muda mrefu sana kuujua ule mkao unapita chini ya nini na haupiti chini ya nini, na nikisema nampenda Xiaoyu namaanisha kazi ile.

Na pesa za kwenye gemu! Ukishinda unapata pesa unamnunulia mtu wako nguo, nywele, miwani. 5 ndio walianza kuweka hivyo. Xiaoyu wangu alikuwa anajulikana nyumba nzima kwa rangi zake. Kitu kimoja tu nisichokisamehe ni Jinpachi pale mwisho, anakugandisha ulipo halafu anakutupia moto unaotoka tumboni, na ukiwa umegandishwa huna la kufanya. Bosi awe mgumu sawa lakini aniachie nafasi ya kujikinga jamani.

Mdau wa Kigoma:
Najua nitakuwa peke yangu ila mimi ni 4 na sitoki. Kila ninapoisema watu wananirushia maneno, oh sakafu hazijanyooka, oh kombo fupi. Ndio nilichokipendea hicho. 4 ndio Tekken ya kwanza kuweka kuta, kabla ya hapo uwanja haukuwa na mwisho, mtu anarudi nyuma mpaka kesho. Ukimbana mtu ukutani pale kwenye maegesho ya magari anajua kabisa amekwisha, na sasa ulipo uwanjani kuna maana. Wakatoa pia ile hali ya kila mtu kucheza kama baba yake, Jin wa 3 alikuwa anapiga kwa mtindo wa kina Mishima, ukoo wa baba yake Kazuya, kwenye 4 amekasirika amezikataa damu zile amejifunza karate upya, yaani hasira yake unaiona kwenye mikono yake kabla hujasoma hadithi.

Na hadithi zenyewe sasa. Zile picha zilizochorwa na mtu anasimulia taratibu. King anakwenda kumlipizia mwalimu wake Armor King aliyeuliwa na Marduk, anamfuata mpaka hospitali kummaliza kitandani, anaona picha ya Marduk na wazazi wake, anashindwa, anaondoka. Hakuna Tekken nyingine iliyonigusa hivyo, na mimi King ndio mtu wangu tangu 2.

Mdau wa Nairobi:
6, na sio ya PS3 bana, ile ya PSP (PlayStation ndogo ya mkononi) ya 2009 ndani ya simu. Hosteli ya chuo, hakuna mtu ana pesa ya kununua mashine, lakini kila mtu ana simu na kuna jamaa mmoja ako na faili, anatumia wote. Ukiweka ile programu ya PPSSPP, inayoifanya simu icheze gemu za PSP, gemu inaanza, kama simu ni dhaifu unapunguza picha mpaka inakimbia vizuri. Mimi nilikuwa nacheza Bob, mnene lakini ana mbio, na 6 ilileta yale mapigo ya kumgongesha mtu chini akiwa hewani anadunda juu tena unaendelea na kombo. Kwa vidole juu ya kioo! Watu wa pedi hawawezi kuelewa hiyo kazi, hakuna kitufe cha kuhisi, unakariri nafasi kwa kidole gumba, na bado kuna wasee walikuwa wanatoa kombo nzima ya Kazuya hivyo.

Mdau wa Muscat:
Assalam aleikum. Mie 7, nimeipatia huku ilipotoka kwenye mashine za nyumbani 2017. Kazini nipo na Wapakistani, na wao Tekken ni jambo kubwa sana. Mwaka 2019 yule kijana wao Arslan Ash akashinda EVO Japan, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, baada ya safari ya taabu ya viza, kisha mwaka ule ule akashinda EVO ya Las Vegas. Wakorea na Wajapani ndio walikuwa wakihesabiwa wafalme, kumbe Lahore kuna watu wamekaa vibandani wakipigana wao kwa wao miaka na dunia haiwajui. Siku ile chumba kizima kilikuwa hakilali. Mie nikajiona na mie nimeshinda, kwa sababu kibanda cha Lahore na kile chetu cha Ng'ambo, Zanzibar, ni kitu kimoja.

Ndani ya gemu lenyewe, ule mwendo wa polepole pale wote wawili damu inakaribia kwisha na mapigo yanapishana. Moyo unasimama. Na mwisho wake Kazuya na Heihachi kwenye volkano, ugomvi uliokuwepo tangu 1994, baba na mwana, mmoja hatoki.

Mdau wa Mwanza:
8. Nacheza na mwanangu wa kiume, ana miaka saba, kuna mfumo rahisi wa vitufe unamwezesha kutoa kombo bila kukariri, mimi nacheza kawaida, tunaenda sawa. Na Eddy walipomrudisha 2024 nilimnunua siku hiyo hiyo. Kwetu Eddy alikuwa amepigwa marufuku kwenye 3 na mimi ndio nilikuwa Eddy.

Mwanzisha mada:
Hahaha mkuu wa Mwanza, hata kwetu alipigwa marufuku, ila dawa yake ilikuwepo. Mateke yake mengi ya chini unayazuia ukichuchumaa na kushika nyuma, ukishamzuia moja anabaki wazi. Tatizo watu walikuwa wanaona anazunguka wanachanganyikiwa wanaanza na wao kubonyeza ovyo.

Mdau wa Kigoma, sijawahi kuifikiria 4 hivyo, hasa hilo la Jin kubadilisha mikono, nitaicheza tena. Nikuulize kama mtu wa King, zile kamata zake za kuunganisha mtu anajitoaje? Kwangu ikishaanza imekwisha.

Mdau wa Kigoma:
Usibahatishe, tazama mikono. Kwenye 5, 6 na 7, King akinyoosha wa kushoto unabonyeza mraba, wa kulia pembetatu, yote miwili unabonyeza vyote kwa pamoja. Ni mara moja tu, ukiharakisha ukabonyeza kisichofaa hupati nafasi ya pili. Akishakukamata ya kwanza viungo vingi vinavyofuata navyo vina vitufe vyake, kwa hiyo usiiache pedi. Ingia kwenye mazoezi, weka King wa kompyuta akukamate tu, kaa nayo jioni moja halafu uje unitafute.