Krismasi Marangu: kikundi cha ukoo

3 Desemba

19:42 Ndeshi: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Jamani Krismasi hiyo imefika. Mwaka huu wote ni kwa Bibi huko Marangu, hakuna cha kujitenga. Tarehe 24 saa 12 jioni kila mtu awe ameshaoga, yuko sebuleni. Kila nyumba iseme inasafiri lini, ije na kitabu kimoja cha kumsomea Bibi na ichague wimbo mmoja tutakaouimba wote. Mchango wa mbuzi, mchele na pombe ya mbege ni elfu hamsini kwa nyumba.

19:43 Ndeshi: Na nasema mapema, usiku huo TV haiwashwi.

19:51 Goodluck: Shangazi 😂😂 hata Home Alone?

19:52 Ndeshi: Hata hiyo. Ile filamu ni ya 1990, umeshaiona tangu unanyonya. Bibi macho yamefifia, tukiwasha TV anabaki peke yake huku nyumba imejaa watu. Mwaka jana nilimwona ameinuka saa 2 kwenda kulala, na hakuna aliyegundua. Iliniuma sana.

20:05 Shemeji Baraka: Shemeji nakuunga mkono. Ila nauliza, wageni kutoka Tanga na sisi tunahesabiwa, au sensa ya mlimani ni ya Wachagga tu?

20:06 Goodluck: Shemeji wewe unahesabiwa na mbuzi 😂

20:06 Shemeji Baraka: Basi mniweke mbali na kisu.

20:10 Ndeshi: Tafadhali tusitoke nje ya mada. Nani anakuja lini?

20:58 Ndeshi: Naona tiki za bluu kumi na moja.

21:30 Neema: Mama mdogo shikamoo. Mimi nakuja na baba na mama kutoka Mwanza. Kitabu changu ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022. Nilikisoma kwanza kwa Kiingereza chuoni, lakini kwa Kiswahili ni kama kimerudi nyumbani, watu wanaongea kama watu. Yule kijana Yusuf anachukuliwa kwa deni la baba yake, anafuata msafara wa mfanyabiashara kwenda bara. Kuna sura nzima ya mji ulio chini ya mlima. Hiyo ndiyo nataka kumsomea Bibi, aniambie kama anautambua mlima wake.

21:33 Ndeshi: Marahaba mwanangu. Mnaona? Huyu ndiye mtu.

21:40 Junior: Mama mkubwa mimi nimemaliza mtihani wa kidato cha nne juzi, naomba kupumzika na vitabu. Takadini nimeisoma mpaka naota nipo kwenye pango.

21:41 Goodluck: 😂😂😂 dogo soma Watoto wa Mama N'tilie, Bibi alie Krismasi nzima

21:44 Ndeshi: Junior wewe utawasomea watoto Abunuwasi. Umepumzika tayari.

4 Desemba

06:15 Ndeshi: Habari za asubuhi. Wa Dar tusikilizane. Tukichelewa, tiketi za basi za tarehe 22 na 23 tutazikuta zimeisha pale Mbezi, au tutauziwa na wapiga debe kwa bei ya kuumiza. Nauli waliyopanga LATRA inajulikana, lakini ukifika na mabegi na watoto wanalia hubishani. Mimi napendekeza treni.

06:40 Goodluck: Treni safi. Tangu irudi Desemba 2019 sijaipanda hata mara moja. Miaka 25 reli ile ilikuwa ya mbuzi kulala.

06:42 Shemeji Baraka: Mbuzi tena?

06:50 Ndeshi: Tukishuka Moshi tunapanda daladala mpaka Himo, halafu Marangu Mtoni. Nahitaji idadi ya watu leo. Aikande? Kaka Elisante? Elia?

13:20 Ndeshi: Aikande?

16:02 Kaka Elisante: Habari zenu. Mimi nipo Arusha, kwangu ni gari tu, nitafika tarehe 23. Kuhusu wimbo, nimeona mtu ananiandikia pembeni kwamba tuimbe Haleluya ya Handel. Kwanza Handel aliandika Messiah 1741 na ikaimbwa mara ya kwanza Dublin Aprili 1742, haikuwa kazi ya Krismasi. Pili, Haleluya inafunga sehemu ya pili, ni baada ya mateso na ufufuo. Krismasi iko sehemu ya kwanza. Tatu, hamna sauti ya tena ya kutosha. Tuimbe nyimbo za kitabu cha nyimbo tunazozijua kwa sauti nne, zikae vizuri.

16:09 Shemeji Baraka: Tena mimi nipo.

16:10 Goodluck: Shemeji wewe ni besi iliyopotea njia

16:15 Neema: Na za kusikiliza mjomba? Mimi nasema Boney M, ile albamu ya Krismasi ya 1981. Bila hiyo sioni kama ni Desemba. Kila duka kuanzia Kariakoo mpaka Himo wanaipiga.

16:21 Kaka Elisante: Boney M ni ya dukani. Nyumba ile ni ya Jim Reeves, ile sahani yake ya nyimbo kumi na mbili za 1963. Mzee alikuwa akishatoka kuchuma kahawa anakaa barazani, anaiweka, hataki mtu aseme. Alisikitika kama amefiwa na ndugu alipoambiwa yule mtu alikufa na ndege mwaka uliofuata.

16:48 Manka: Kaka, Handel unamjua mwaka wake, Jim Reeves unamjua ndege yake. Kanda ya Baba iko wapi?

16:49 Manka: Nauliza kwa heshima.

16:55 Ndeshi: Dada jamani, siyo hapa.

16:57 Manka: Siyo hapa, wapi? Msibani niliambiwa siyo hapa, Pasaka siyo hapa. Ile ndiyo kanda pekee tuliyobaki nayo yenye sauti ya Baba akiimba na kwaya, na matarumbeta nyuma. Tulimkabidhi Kaka aipeleke kwa fundi iingizwe kwenye flashi. Watoto wangu wadogo hawajawahi kumsikia babu yao.

17:20 *Ujumbe huu umefutwa*

17:21 Goodluck: Baba umefuta nini

17:22 Goodluck: Samahani

17:30 Shemeji Baraka: Jamani mbege mwaka huu anapika nani? Maana ile ya mwaka jana ulezi ulizidi ndizi.

17:31 Ndeshi: Shemeji asante lakini subiri kidogo.

5 Desemba

04:12 Elia (Minnesota): Poleni, huku nilikuwa kazini. Nimesoma zote. Siwezi kuja, baridi na gharama vyote vimekaza. Natuma za nyumba mbili, yangu na ya atakayekwama. Mnipigie kwa video wakati wa kuimba, kwangu itakuwa asubuhi. Na kama kanda ipo, naomba jambo moja tu, msiiweke kwenye redio yoyote mkaibonyeza. Kanda ya miaka mingi inaota ukungu, inagandana, redio mbovu inaitafuna mara moja.

07:05 Neema: Ni kweli mjomba. Inatakiwa deki iliyosafishwa kichwa kwa spiriti, kanda izungushwe taratibu kwanza mpaka mwisho na kurudi, kwa mkono na kalamu ya biki ikibidi. Halafu unaunganisha deki na kompyuta unarekodi inavyocheza. Hakuna njia ya mkato, kanda ya dakika 60 inachukua dakika 60. Kuna mtu chuoni ana deki nzuri.

07:40 Manka: Mmeona? Hata deki ipo. Kilichopungua ni kanda.

11:18 Happy: Shikamooni. Nimempelekea Bibi simu amesikiliza maneno yote nilivyomsomea. Amerekodi sauti hii.

11:18 Happy: 🎤 Sauti 2:06

11:25 Goodluck: Mwenye bando anieleze, mimi ipo inazunguka tu

11:52 Happy: Naandika alivyosema:

"Watoto wangu, mmeamkaje. Nimesikia mambo ya treni, nimefurahi. Ndeshi, usiwafukuze watoto kwenye televisheni yao. Wawashe mchana, jioni wazime wenyewe. Neema, nataka hicho kitabu cha mlima, uje ukae karibu na sikio langu la kulia. Lakini kabla ya vitabu vyote nataka Luka sura ya pili, kwenye ile Biblia ya baba yenu, na asome Elisante. Alikuwa anaisoma tangu akiwa mdogo, baba yenu alimfundisha kutua kwenye nukta. Miaka hii amekuwa anafika tarehe 25 mchana, watu wameshasoma. Najua kwa nini anachelewa. Elisante, mwanangu, kanda ni kitu cha baba yenu, ila sauti iliyomo ni ya mume wangu. Njoo nayo. Kama imeharibika njoo nayo hivyohivyo, niishike. Kama imepotea njoo bila hiyo, lakini njoo tarehe 24, usome. Manka, wewe utakaa karibu naye. Nimemaliza. Aika, asanteni."

12:40 Ndeshi: Aika Mama.

12:41 Neema: Aika Bibi ❤️

12:44 Elia (Minnesota): Mama nimesikia. Nimeamka kwa ajili ya hiyo sauti.

13:30 Shemeji Baraka: Shikamoo Mama. Sina neno.

18:07 Manka: Nimesikia Mama. Nitakaa.

21:55 Kaka Elisante: Nimesikia Mama. Nitakuwepo tarehe 23 usiku. Nitasoma.

21:58 Ndeshi: Mungu akubariki Kaka.

22:01 Manka: Na kanda?

22:20 Ndeshi: Dada, Mama ameshasema.

22:21 Manka: Mama amesema aje nayo. Nauliza tu kama nimwambie Neema aazime deki, Mwanza mpaka Marangu siyo karibu, ni mzigo wa kubeba ndani ya basi kupitia Singida na Babati.

22:40 Kaka Elisante: Neema, hiyo deki inatumia umeme wa kawaida au ina adapta yake?

22:41 Neema: Wa kawaida mjomba. Niibebe?

22:50 Neema: Mjomba?

6 Desemba

06:10 Ndeshi: Asubuhi njema. Waliochanga ni Elia nyumba mbili, Neema na wazazi wake, na mimi. Goodluck umeandika "natuma" mara tatu, sijaona kitu. Neema mwanangu, beba deki, gharama ya mzigo nitalipa mimi. TV mchana itawashwa kama Bibi alivyosema, mkiangalia zile filamu alizotafsiri Lufufu msipandishe sauti mpaka zizini. Wimbo, tumekubaliana kitabu cha nyimbo, Kaka achague namba tatu atutumie tujifunze sauti zetu. Jim Reeves wakati wa kula, Boney M jikoni.

06:31 Goodluck: Shangazi natuma saa hii. Boney M jikoni ni uonevu lakini nakubali maana ndizi za kuchoma zipo jikoni

06:33 Shemeji Baraka: Na mbege?

06:34 Ndeshi: Mbege Happy ameshaongea na mama wa jirani. Ulezi utapimwa.

06:36 Shemeji Baraka: Hapo sasa naona Krismasi.

09:00 Ndeshi: Kaka zile namba za nyimbo?

14:15 Ndeshi: Leo saa 10 jioni nakwenda kukata tiketi za treni. Nina majina sita. Asiyesema atajikatia mwenyewe.

15:48 Aikande: Jamani nimetingwa Dodoma, sasa ndiyo nafungua simu. Nimesikia sauti ya Mama nimelia ofisini. Junior atakuja Dar kupanda na nyie. Mimi likizo bado haijasainiwa, niwekee nafasi moja kwanza. Hiyo kanda imepatikana?

15:49 Ndeshi: Jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, haraka, nipo njiani.