Mrejesho: mbuzi wangu wa Micheweni kazaa watatu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza hapa kwa nini vitoto vya mbuzi wangu huzaliwa wazima, kisha hufa kabla ya siku mbili. Ahsanteni nyote mliojibu.

Kilichosaidia zaidi ni ule ushauri wa kukamua kila chuchu kidogo kabla ya kuwaachia wanyonye. Moja ilikuwa imeziba kwa kitu kigumu kama nta. Kilipotoka, dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, likashuka, zito, la manjano. Wawili wakanyonya ndani ya saa ya kwanza. Vitovu nikavichovya iodini.

Wa tatu alitoka mdogo mno, mdomo wa baridi. Nikamzungushia chupa za maji moto na kanga kuukuu hadi mdomo ukapata joto, ndipo nikampa dang'a kwa chupa, kidogo kidogo. Kilo moja na nusu, nikalenga angalau mililita 150 kwa siku nzima kama mlivyonielekeza. Hakufika hata nusu, akafa alfajiri.

Wenziwe wanarukaruka. Dang'a lililobaki nimeligandisha kwa shemeji, ingawa kanuna, ati litamharibia samaki wake.