Lincoln alimwandikia nini mkewe alipokuwa mbunge?

Mwalimu_Zamu
Shikamooni wakubwa. Nafundisha historia kidato cha nne, mke na watoto wako Songea. Vitabu vyetu vinamjua Abraham Lincoln rais tu: vita, watumwa, kuuawa. Lakini 1847 hadi 1849 alikuwa mbunge wa kawaida kutoka Illinois, jimbo la wakulima huko magharibi. Je, zipo barua alizoiandikia familia wakati huo? Mimi mwenyewe naishi mbali na wangu, natamani kuzijua.

Karani_Mstaafu_Tanga
Marahaba mwanangu. Nimegonga mihuri posta miaka 31, na barua ninayoirudia kila mara ni yake ya 16 Aprili 1848. Mkewe, Mary, alikuwa ameshaondoka Washington na watoto, Robert na Eddie, wakaenda kwa babu yao Lexington, Kentucky. Lincoln anakiri wazi: ulipokuwa hapa niliona unanipunguzia muda wa kazi, sasa nimebaki na kazi tupu na haina ladha. Anachukia kukaa peke yake katika kile chumba cha kupanga, akiandika anwani juu ya makaratasi ya kupeleka jimboni.

Halafu soksi. Mary alimwagiza soksi za miraba za Eddie. Duka la kwanza, mwenyewe ameacha biashara. La pili lina jozi moja tu ya miraba anayodhani itaenea vile vijiguu. Atajaribu tena kesho asubuhi, anasema. Hapo huwa naiweka barua chini kidogo.

Na hili limenigusa kama mtu wa posta: anamwomba mkewe asiandike tena "Mheshimiwa" kwenye bahasha. Barua za mbunge zilipita bure, na anahisi Mary aliona cheo kisipoandikwa zitatozwa. Si lazima, anamwambia. Barua zako nazipenda sana, cheo kiache.

MamaPangani
Na mke alijibu, au alinyamaza?

Karani_Mstaafu_Tanga
Alijibu Mei, dada yangu, na barua yake ni tamu kuliko ya mumewe. Robert alipata kitoto cha paka, akakileta nyumbani kwa shangwe. Eddie akaagiza kiletewe maji, akakilisha mkate kwa mikono yake. Akaingia mama wa kambo wa Mary, asiyependa paka hata kidogo, akaamuru kitupwe nje. Eddie akalia kwa sauti, bibi asijali. Mary aliumia, na alijua wa kumweleza: Lincoln alipenda mno vitoto vya paka.

Mwalimu_Zamu
Asante sana mzee wangu. Eddie alikuwa na umri gani wakati wa zile soksi? Kitinda mimba wangu ana miaka miwili.

Karani_Mstaafu_Tanga
Huo huo, mwanangu. Alizaliwa 10 Machi 1846. Katika barua ile ile baba anasihi watoto wasiachwe wakamsahau. Juni, Mary alipotaka kurudi, alimwandikia aje mapema awezavyo, ana hamu ya kuwaona wote. Eddie alifariki 1 Februari 1850, hajatimiza minne.

Ukiwasomea wanafunzi wako, usiruke vifungo vya shati alivyojinunulia: vyeusi, vimezungushiwa dhahabu, senti 50 kimoja. Alitaka Mary ajue na hilo.