Manunuzi ya sikukuu Kigoma: mzigo wa jumla mapema au kikapu kidogo kidogo Mwanga?

mke_wa_Gungu
Wakuu habari za jioni. Mwenzenu nipo Gungu na mwaka huu zamu ya wageni ni yangu, shemeji na familia yake wanakuja na treni kutoka Dar tarehe 22 na hawaondoki mpaka mwaka mpya upite, humu ndani tutakuwa 11, wanaokula kisawasawa 8, hao wengine bado wa uji. Nina njia tatu kichwani. Moja nimtume mtu Kasulu abebe maharage debe zima na unga wa muhogo, nilipie mzigo nitulie. Mbili niende soko la Mwanga kila baada ya siku mbili na kikapu changu kama kawaida. Tatu duka la jumla, mchele, mafuta, sukari, ngano, vyote siku moja bodaboda analeta mpaka mlangoni. Mwaka jana nilienda na hiyo ya pili, tarehe 24 nikajikuta nagombania fungu la nyanya na mama mtu mzima kabisa, nimerudi nyumbani saa nane mchana hata maji sijabandika. Na mniambie mnapika nini chepesi maana siku kumi jikoni siziwezi. Nawasilisha.

mzee_kibirizi
Dada, kabla ya Kasulu na Mwanga angalia mwezi kwanza. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali hawaifuati taa na watu wanapumzika siku kadhaa, sasa hiyo ikiangukia kwenye sikukuu utaiona bei yenyewe. Kwa hiyo dagaa nunua mapema giza likiwepo. Chukua wa chanja, yaani waliokaushwa juu ya chanja, wa mchangani ukimtafuna jino linasikia. Mimi nachota kiganja kimoja, nasugua, nakung'uta, naangalia kilichobaki mkononi: magamba yanayometameta hayana shida, ukiona chembechembe mrudishie mwenyewe. Alafu vunja mmoja, akikatika kavu huyo tayari, akipinda bado ana maji na kwa mvua hizi za Desemba ataota ukungu kabla wageni hawajashuka stesheni. 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, sisi wenye dagaa wakavu ndani tulikula bila presha.

binti_unyanyembe
Mimi nipo Tabora nacheka tu, wageni wako wanapita kwangu na treni alafu wewe unawaza duka la jumla kwa ajili ya mchele? Mpigie shemeji akishuka hapa dakika mbili anyooshe miguu achukue asali na karanga, na kama una ndugu huku atume mchele wa Nzega au Igunga mapema upakiwe. Ila treni ikipita usiku wa manane msinilaumu. Kipindi hiki cha mvua kuna uyoga pia, ukiupata mbichi unakatakata, kitunguu, nyanya, karanga za kutwanga juu, nusu saa watu wanakula. Na wale wa uji wapikie matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, asubuhi, watakaa kimya mpaka mchana.

jiko_moja
Napingana na wazo la debe. Chakula kikijaa ndani watu wanapika kama wapo harusini, mimi yalinikuta, gunia la mchele la mwezi mzima liliisha siku 12 na hakuna aliyeona kosa lake. Kavu nunua jumla sawa, ila funga stoo na ufunguo ukae nao wewe. Mboga, nyanya, ndizi, hizo ni Mwanga tu tena asubuhi. Viazi mviringo unaweza kuweka ila sio kwenye mfuko wa plastiki, vinaoza vyote kwa sababu ya kimoja.

mwana_ujiji
Jamani mnaongea dagaa kwenye sikukuu, kuku mmemuweka wapi? Wa kienyeji ni mtamu lakini anakula mkaa masaa, wa kisasa anaiva haraka ila ukizubaa anabaki mifupa na mchuzi. Mimi nachanganya, kienyeji wawili wa pilau la tarehe 25 basi, siku nyingine kisasa. Na umuite jirani Mwislamu akuchinjie, huku Ujiji Krismasi tunakula wote na Idi tunakula wote, usije ukapeleka sahani ikarudi ilivyo. Gesi pia, mwaka juzi mtungi wangu wa kilo 6 uliisha pilau ndo kwanza linaanza kukauka, nikahamishia kwenye mkaa watu wamekaa wanaangalia sufuria. Kuwe na mkaa wa akiba hata nusu ndoo. Soda za kreti achana nazo, maembe yamejaa mitini huku, juisi ya embe ndoo moja na tangawizi imetosha, hakuna cha kudaiwa chupa.

mama_wawili_KGM
Chepesi kwangu ni maharage ya kuchemsha mara moja. Loweka usiku, chemsha sufuria kubwa bila chumvi, gawa mafungu matatu. La kwanza leo na mawese na wali, la pili kesho unaponda kidogo chapati zinasugulia, la tatu na mahindi linakuwa kande. Friji ipo lakini usiitegemee sana, mimi umeme ulikatika tarehe 26 nikapika nyama yote usiku ule ule kwa hasira.
Migebuka nayo haina kazi. Kaanga au choma pembeni, bandika mawese kidogo yapate moto tu, yasitoe moshi, kitunguu, nyanya, pilipili ile ya mviringo nzima bila kuipasua, samaki ndani dakika kumi, ugali wa muhogo pembeni. Tahadhari: wageni wa Dar wengine mawese hawajayazoea, siku ya kwanza weka kijiko kimoja uone sura zao.

jiko_moja
Hahaha sura zao. Wifi yangu alidhani nimeweka rangi.

mke_wa_Gungu
Asanteni sana wakuu. Nimeamua hivi: maharage na unga wa muhogo natuma Kasulu lakini nusu debe, jiko_moja umenitisha. Mafuta, sukari na ngano duka la jumla wiki hii. Mchele namwambia shemeji, binti_unyanyembe nicheki inbox tafadhali. Mwanga nitaenda mara tatu tu na tarehe 24 sikanyagi huko. Dagaa naenda mwenyewe mwaloni Kibirizi Jumamosi alfajiri, mzee utakuwepo?

mzee_kibirizi
Nipo. Njoo na mfuko wa kitambaa na usianze kuulizia bei kwa mtu wa kwanza.