Rasimu ya mkataba mpya wa marubani: tupige Ndiyo au Hapana?

Msaidizi_320
Wakuu, kura ya kuridhia rasimu inafungwa wiki mbili zijazo na hadi sasa naona mabango tu, hesabu hakuna. Shirika ni la Marekani. Mkataba wa sasa ulifikia tarehe ya kurekebishwa miaka 3 iliyopita, na viwango vya malipo kwa saa vilipanda mara ya mwisho siku hiyo hiyo. Tunachopewa: 12% siku ya kutia saini, kisha 4%, 4% na 3% kwa miaka mitatu inayofuata. Malimbikizo ni mkupuo mmoja, kama theluthi ya ambacho kingelipwa iwapo 12% ingehesabiwa tangu tarehe ya kurekebishwa. Mchango wa mwajiri kwenye pensheni unapanda kutoka 16% hadi 18%. Upande wa pili, marubani wa akiba (wanaosubiri kuitwa kazini) watatakiwa kufika uwanjani ndani ya saa 2 badala ya 3, na kampuni itaweza kukulazimisha kazi siku ya mapumziko mara 2 kwa mwezi. Rubani msaidizi mwenye miaka 4 kazini alipimeje hili? Na tukikataa, kisheria kinafuata nini?

Kikokotoo
Nianze na fedha, maana hapo ndipo mabango yanapopotosha. Nyongeza zenu zikizidishwa (1.12 × 1.04 × 1.04 × 1.03) zinatoa takriban 24.8%. Inapendeza, ila imetandazwa juu ya miaka 6, kwa sababu mlikaa 3 bila kitu kabla ya nyongeza hizi nne kuanza, na ya mwisho inakuja miaka 3 baada ya kusaini. Wastani wake ni kama 3.8% kwa mwaka. Linganisha hiyo na mfumuko wa bei wa miaka hiyo hiyo 6, si wa mwaka huu peke yake.

Sasa gharama ya kukataa. Tuseme Hapana inaleta pointi 3 zaidi, lakini baada ya miezi 12, na bila malimbikizo ya mwaka huo. Mmepoteza 12% ya mwaka mzima ili kupata 3% kila mwaka: miaka 4 kurudisha hasara. Wakilipa nusu ya malimbikizo, miaka 2. Ndiyo maana kapteni mwenye miaka 63 na wewe mnaweza kupiga kura tofauti na wote mkawa sahihi. Yeye anastaafu kwa lazima akifika 65, hana muda wa kurudisha chochote. Wewe pointi hizo 3 zitakaa ndani ya msingi wa kila mkataba ujao.

Pensheni msiidharau, ila someni kinachotokea mtu akigonga dari. Kwa 2025 sheria ya kodi ilihesabu mshahara usiozidi dola 350,000, na jumla ya michango, yako na ya mwajiri, haikuruhusiwa kuzidi dola 70,000, ukiacha ile ya ziada ya wenye miaka 50 na kuendelea. 18% ya 350,000 ni 63,000. Kapteni wa ndege kubwa akiweka zaidi ya 7,000 kutoka mfukoni mwake, ziada inakwenda wapi? Mikataba mizuri inasema italipwa taslimu au itaingia kwenye mfuko wa pili. Mkataba usiposema, usidhani.

Meza_ya_Majadiliano
Kisheria: kura ya Hapana si kura ya mgomo. Mko chini ya Railway Labor Act, sheria ya kazi ya reli ya Marekani ya 1926, iliyopanuliwa kugusa mashirika ya ndege 1936. Chini yake mkataba haufi tarehe ikifika, unakuwa tu wazi kurekebishwa, na masharti ya zamani yanaendelea. Mkikataa, kamati ya majadiliano ya chama chenu inarudi mezani. Upande mmoja ukiomba, Bodi ya Taifa ya Upatanishi inaingia, na hakuna anayeruhusiwa kugoma wala kufungia wafanyakazi nje hadi bodi iwaachie na siku 30 za kutuliza joto ziishe. Hata hapo rais anaweza kuunda bodi ya dharura. Bodi ya upatanishi haina kikomo cha muda, na mwajiri anajua hilo kuliko ninyi.

Swali lenye uzito ni nani atakuwa na nguvu zaidi mwaka mmoja kutoka leo. Marubani wa shirika la United walikataa rasimu Novemba 2022, asilimia 94 ya waliopiga kura wakisema Hapana. Machi 2023 wenzao wa Delta wakaridhia mkataba wenye nyongeza ya kama 34% kwa jumla, na hiyo ikawa ndiyo bei ya soko. Septemba mwaka huo United wakaridhia mkataba mnono kuliko ule walioutupa. Marubani wa FedEx, shirika la mizigo, nao walikataa Julai 2023 kwa 57%, lakini wakati huo mizigo ilikuwa inapungua. Mwisho wa 2024 walikuwa bado hawajapata mkataba mpya. Hapana ile ile, soko tofauti. Kwa hiyo tazameni ndege zilizoagizwa na zinapokelewa lini, idadi ya wanaostaafu miaka 2 ijayo, na kama kuna shirika shindani linalokaribia kusaini. Kama kuna mshindani wa namna hiyo, kusubiri kidogo kuna faida. Kama kampuni inaegesha ndege, hakuna.

Pia angalieni asilimia ya waliokataa itakuwaje. Hapana ya 52% inawaambia menejimenti watafute kura chache tu, na mtarudishiwa rasimu ile ile iliyopakwa rangi.

Mpanga_Ratiba
Mimi ningeanzia kwenye sehemu ya ratiba na akiba, ya mshahara baadaye. Kiwango cha saa hakina maana bila kujua ni saa ngapi utalipwa.

Tafuta uwiano wa malipo kwa muda uliokaa mbali na kituo. Mfano, safari ya siku 4, saa 80 tangu kuripoti hadi kuachiwa, ukiruka saa 14 tu. Kwa uwiano wa 1 kwa 3.5 (saa 1 ya malipo kwa kila saa 3.5 za kuwa mbali) unalipwa saa 22.86. Kwa 1 kwa 4 unalipwa 20, yaani pungufu ya 12.5%. Nyongeza yenu ya 12% imekwisha hapo hapo, na safari hiyo inalipa chini ya ilivyolipa jana. Mabadiliko ya aina hii hayaandikwi kwenye mabango, yanakuwa namba moja iliyobadilika katikati ya aya ndefu. Wekeni mkataba wa zamani na rasimu ubavu kwa ubavu, kifungu kwa kifungu. Muhtasari wa chama umeandikwa na watu wanaotaka ipite.

Akiba ya saa 2: kwa anayeishi mji mwingine, saa 3 huenda zilimruhusu kukaa mbali kidogo na uwanja, saa 2 zinamfunga jirani nao. Ni kodi ya kitanda cha pili kila mwezi, na mwenye miaka 4 kazini ndiye anayekaa akiba. Sheria haiwasaidii sana hapa. Part 117, kanuni ya Marekani ya muda wa kazi na mapumziko ya marubani, inatoa saa 10 za kupumzika kabla ya zamu, zikiwemo nafasi ya saa 8 za usingizi bila kukatizwa, na inaruhusu kipindi cha akiba hadi saa 14. Hiyo ni sakafu. Mkataba ndio unaojenga kuta.

Kazi ya kulazimishwa: ulizeni inalipwa mara ngapi ya kiwango, kama siku iliyochukuliwa inarudishwa, na kama aliye chini kabisa kwenye orodha ya ukongwe kazini ndiye wa kwanza kuitwa kila mara. Mara 2 kwa mwezi kwa malipo ya mara mbili ni jambo moja. Mara 2 kwa malipo ya kawaida ni kampuni kukataa kuajiri.

Halafu uchovu. Kila rubani anatakiwa kujitangaza kuwa yuko fiti kabla ya zamu. Akisema hayuko fiti, malipo ya safari yanalindwa au yanakatwa kwenye siku za ugonjwa? Kama yanakatwa, watu wataruka wamechoka.

Msaidizi_320
Asanteni. Nimefungua kifungu cha uwiano: kimetoka 1 kwa 3.5 hadi 1 kwa 3.75. Muhtasari haukutaja.

Mpanga_Ratiba
Basi safari ile ya saa 80 inalipa saa 21.33. Zidisha kwa 1.12, gawanya kwa 22.86: ongezeko halisi ni 4.5%. Si kila safari inatawaliwa na uwiano huo, nyingine zinalipwa kwa saa za kuruka. Chukua ratiba za miezi 3 za kituo chako, uhesabu ni ngapi zinaangukia hapo. Zikizidi nusu, mimi Hapana.

Kikokotoo
Hiyo inabadilisha hesabu yangu pia. Kwenye safari hizo, gharama ya kusubiri mwaka si 12% tena, ni 4.5%. Pointi 3 zinairudisha kwa mwaka mmoja na nusu.

Kiti_cha_Kushoto
Mambo mawili hayajaguswa. Kwanza, nani arushe nini. Mikataba ya mashirika makubwa ya Marekani inawazuia wakandarasi wa kikanda, yaani mashirika madogo yanayoruka kwa niaba yao, wasizidi viti 76 na pauni 86,000 za uzito wa juu wa kuruka. Kizuizi hicho ndicho kilichofanya ndege ya Embraer E175-E2 isipate kazi huko, ni nzito mno. Rasimu ikilegeza namba yoyote kati ya hizo, au ikaruhusu washirika wa nje kuchukua njia zenu bila uwiano wa saa za kuruka kati yao na ninyi, hakuna asilimia inayofidia.

Pili, tarehe. Vifungu vizuri vya ratiba mara nyingi vinaanza "mfumo wa kompyuta utakapokuwa tayari", huku vya kampuni vikianza siku ya kusaini. Iulize kamati kwa maandishi, kabla ya kura kufungwa: kila kifungu kinaanza tarehe gani, na kampuni ikichelewa inalipa faini gani kwa kila rubani kwa mwezi. Wakijibu kwa mdomo kwenye kikao, waombe waweke jibu hilo kwenye barua ya nyongeza iliyosainiwa na pande zote mbili. Maelezo ya kikao msuluhishi atayasikiliza tu pale ambapo maandishi yenyewe hayaeleweki.

Msaidizi_320
Nimewatumia maswali sita leo. Kwa ratiba za kituo changu, safari zinazotawaliwa na uwiano ni karibu theluthi mbili.